Gauni la Mikono Mirefu

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi ya manyunyu na baridi kidogo. Jua limetoka baada ya chai.

Mdogo wangu,

Kitabu kimefika salama. Dereva wa basi alikiacha dukani kama mlivyopatana, kikiwa ndani ya foronya, na mwenye duka alidhani umenitumia mto. Nimekifuta, nimekijalidi kwa gazeti. Ni cha zamani na kona moja imeungua, labda mtu alikiweka karibu na jiko. Lugha yake ni ya kigeni tena ya kiofisi, lakini nimetoa kamusi yangu ya sekondari na tunaelewana.

Kinasema kiziwi hazaliwi bubu. Ububu anaupata kwa uvivu wa wanaomlea, wanaomwachia aombe kila kitu kwa vidole. Maneno hayo yamenichoma, maana mwanao hana haja ya neno lolote katika nyumba hii. Akitaka maji anaweka vidole viwili mdomoni. Mimi ananiita kwa kusukuma miwani puani pake ambapo hakuna miwani. Wewe ni mtu anayekamua nguo. Kitu kikimuuma, anazungusha ngumi mahali panapouma. Ulipomwita Chiriku watu walicheka, eti chiriku gani asiyetoa sauti, lakini ulijua ulichokuwa unakisema: mikono yake haifungi duka.

Sasa nafikiria mwezi wa saba. Anatimiza miaka saba, na hiyo shule ya viziwi unayofanyia kazi inapokea wapya. Ulisema nafasi ni chache na watoto wanasailiwa. Akikaa mbele ya walimu akipepesa vidole tu, watamchukua kwa lipi? Nataka afike pale na sauti. Nimepanga masomo asubuhi kabla wateja wa nguo hawajaanza kuja, na jioni nikishafunika cherehani.

Niulizie jambo moja kwa mwalimu aliyekupa kitabu. Kinasema ishara zisijibiwe kabisa. Mlezi ageuze uso mpaka mtoto ajaribu kusema. Je, ni wakati wa somo tu, au siku nzima, hata mezani? Sitaki kukosea.

Dada yako

*

Jumapili, 16 Machi

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, ila vidole vimekunjamana kama vya ajuza. Mashuka, mapazia, mashuka. Nikifa mnizike bila sanda, nimeshashika nguo nyeupe za kutosha.

Nimemuuliza mwalimu. Anasema fuata kitabu kama kilivyo. Siku nzima, mezani pia. Anasema ukianza kulegeza utalegeza mpaka mwisho.

Huku uani watoto wanapunga mikono toka asubuhi, na baadhi ya walimu wanapunga nao. Nadhani ni wale walioshindikana, maana sijasikia hata mmoja akitamka kitu. Jana nikiwa naanika, kasichana kamoja kakaja kananifanyia hivi na hivi, mimi nimesimama tu na vibanio mdomoni. Kakacheka, kakaenda zake. Dada, nilijiona mjinga. Sitaki mwanangu aishie kuwa hivyo, anaongea na watu wanabaki kutazama.

Wewe una moyo laini unaojifanya mgumu. Safari hii uwe mgumu kweli. Usimwonee huruma.

Mdogo wako, dobi

*

Jumatatu, 7 Aprili
Mawingu mazito, hakuna mvua. Nguo za wateja hazijakauka.

Mdogo wangu,

Tumeanza na tunaendelea. Tunakaa mbele ya kioo cha wateja. Namwashia mshumaa, natamka “pa” na mwali unalala; kisha zamu yake. Naweka kiganja chake kooni pangu ahisi sauti inavyotetemeka, kisha nakirudisha kooni pake. Muda wote huo anakalia mikono yake. Kitabu kinaeleza kila hatua, hakuna pa kubahatisha, na mimi ni mtu wa vipimo, unanijua.

Siku ya kwanza nilipogeuza uso alidhani ni mchezo. Akazunguka kiti aje upande wa pili. Nikageuza tena, akacheka kwa ile sauti yake ya puani. Akazunguka tena. Baadaye hakucheka. Alivuta sketi yangu, alipiga meza, alilala sakafuni akalia mpaka mwanamke aliyekuja kupimwa akavaa viatu vyake akaondoka. Siku zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Nilishika sindano, nikaendelea na pindo. Nimekuandikia ujue kwamba sikulegeza.

Jirani yetu Mama Mkaa ndiye aliyenipa shida. Alifuata blauzi yake, akatukuta na mshumaa. Akaniambia, mbele ya wateja, “Mwalimu, mimi na huyu tunausengenya mtaa mzima na hakuna anayetusikia. Wewe unamfundisha kuzima mshumaa?” Wakacheka wote. Nilimwomba kwa heshima asimjibu ishara tena, kwamba anamharibu bila kujua. Alisema sawa, mtoto ni wenu. Mlango wa uani wa kwenda kwake nimeuwekea komeo.

Mshumaa sasa anauzima kwa “pa”. Ni “pa” kamili, mdogo wangu, si pumzi tu.

Dada yako

*

Jumanne, 22 Aprili

Dada, shikamoo.

Hiyo “pa” nimeisoma mara nyingi hadi karatasi imelowa, nilikuwa karibu na karai.

Hapa kuna jambo dogo. Yule kasichana amegeuka rafiki yangu, anakuja akitoka darasani ananionyesha vitu. Maji kwao ni vidole mdomoni, karibu sawa na yale ya Chiriku wetu. Nilishtuka, maana wamejifunza wapi kitu kimoja? Leo mwalimu wa darasa la kwanza alikuja kufuata mapazia, akatukuta, akanitikisia mikono hewani kwa furaha. Sikuelewa anafurahia nini. Kulikuwa na jambo nataka kumuuliza, nikaogopa. Lakini nisikuchanganye. Endelea vile vile.

Ameshasema “mama”? Hata mara moja, hata vibaya?

Mdogo wako

*

Jumatatu, 26 Mei
Asubuhi safi, anga halina doa.

Mdogo wangu,

Kaa vizuri usome. Amesema “mama”.

Nilikuwa nimetundika picha yako juu ya kioo. Kitabu kinataka kila neno lilipwe hapo hapo kwa kitu chake: akisema mpira apewe mpira. Kwa hiyo tangu mwezi ulipoanza, akikaribia tu kutamka, namshushia picha. Wiki iliyopita alilipata. Sauti ni nzito, inatoka ndani kama ya mtu aliye kisimani, lakini mtu yeyote anayepita barabarani angeielewa.

Ila habari kubwa ni ya jana na leo. Sasa analisema bila kuagizwa. Toka jana asubuhi anakuja kwenye cherehani, anasimama karibu yangu, “mama”. Nampa picha, anaisukuma. Anarudi, “mama”. Nadhani karatasi haimtoshi tena, anakutaka mwenyewe. Hata chakula amekikataa, jana na leo, kwa hamu hiyo. Machozi yalinitoka, nikayafuta asiyaone, maana kitabu hakitaki mlezi aonyeshe unyonge.

Pia amekuwa mtulivu mno. Nimemshonea gauni la mikono mirefu kwa kile kitambaa kizito cha sare kilichobaki, linamsaidia kwenye masomo. Wateja wanasema amepata adabu. Mke wa fundi seremala ameniuliza namna nilivyofanya, ana mpwa wake kama yeye.

Naifunga barua hii sasa hivi, dereva anaondoka mchana. Hapa tena amekuja, ameegemea goti langu. “Mama.” Nakuandikia akiwa analitamka.

Dada yako

*

Jumamosi, 31 Mei

Dada yangu, shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Nimepata barua asubuhi hii. Nimekimbia nayo jikoni, nimemsomea mpishi, nimemsomea mlinzi, nimemsomea hata yule kasichana ambaye hasikii. Mwanangu ananiita! Na mimi niko huku nafua mashuka ya wana wa wenzangu.

Mwambie naja likizo. Mwambie aendelee kuniita hivyo hivyo, asinyamaze.

Mama Chiriku

*

Jumamosi, 31 Mei
Mvua ya alfajiri imekatika. Ukungu, dirisha la wodi halifungi vizuri.

Mdogo wangu,

Chiriku yuko hai. Nimeanza na hilo ili usitafute mbele.

Ni kidole tumbo. Kilikuwa kimepasuka kabla hatujamfikisha. Wamempasua Jumatatu jioni, wamesafisha, wameweka mpira wa kutoa uchafu. Juzi homa ilimpanda tukadhani basi. Leo imeshuka na amekunywa uji vijiko kadhaa. Nilipiga simu ofisi ya shule yenu kila siku, haikupokelewa. Barua yangu ya Jumatatu sijui kama umeshaipata. Kama umeipata, naomba uichome.

Alianguka chini ya cherehani, muda mfupi baada ya dereva kuondoka na barua hiyo. Nilipiga kelele, Mama Mkaa akaruka ukuta kwa kuwa mlango nilikuwa nimeuwekea komeo. Tulimpeleka kwenye mkokoteni wake.

Daktari alimbonyeza tumbo, akaniuliza ameanza kuumwa lini. Nikasema sasa hivi. Akasema haiwezekani, huyu ameumwa toka juzi au zaidi, hakuonyesha? Nikamweleza kuwa ni kiziwi. Akasema, “Mama, mimi sikuulizi kama alisema. Nakuuliza kama alionyesha.”

Nilikuandikia gauni la mikono mirefu. Sikukuandikia kwamba mikono hiyo nilikuwa nimeifunga mwisho, kama unavyofunga foronya. Kitabu kinasema mikono izuiwe kwa upole, nami nikaona hakuna kitu cha upole kuliko kitambaa. Nilishona kwa uzi mara mbili. Muuguzi alitafuta pa kumchomea sindano, hakupata mkono, akaomba mkasi. Wodi nzima ilikuwa inatazama.

Alionyesha. Siku ya Jumapili asubuhi niliona ngumi yake ikizunguka ndani ya kitambaa, juu ya tumbo. Niliijua. Hakuna mtu duniani anayeijua kama mimi. Nikageuza uso, kwa sababu ilikuwa ni ishara. Akazunguka kiti, nikageuza tena. Basi akatumia neno. Alikuwa na moja tu, na nilikuwa nimemfundisha kwamba neno linaleta kitu. Akaniletea hilo neno siku mbili, mdogo wangu, na mimi kila mara nampa picha yako.

Mwulize mwalimu wako. Mwambie nilifuata kila kitu, sikuruka ukurasa, na sasa anieleze.

Dada yako

*

Jumatatu, 9 Juni

Dada,

Nimeandika barua hii na kuichana, na kuichana. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanilaani.

Hakuna mwalimu aliyenipa kitabu. Hapa mashuka tunayachemsha kwenye pipa, na mtunza stoo huniletea takataka za kuwashia moto. Siku hiyo alileta gunia la vitabu vikuukuu. Nilikuwa nikitia kimoja kimoja. Hicho kilikuwa kimeshashika moto kona nilipoona picha ya mbele: mtoto kwenye kioo, mdomo wazi, na mwanamke mwenye miwani kama wewe. Nikakichomoa. Nikasema Mungu ametuona. Hiyo lugha mimi siisomi, wewe unaisoma. Na uliponiambia nimuulize mwalimu, niliogopa ataniuliza nimekitoa wapi. Nikajibu mwenyewe. “Mezani pia” nilisema mimi, Dada, nikiwa nimekaa juu ya ndoo.

Baada ya barua yako ya hospitali nilikwenda kwa yule mwalimu wa darasa la kwanza. Ni kiziwi naye, sikuwahi kukuandikia. Anatembea na kibao kidogo cha chaki. Nilimwandikia yote kwa mwandiko wangu mbaya. Alikaa juu ya kapu la mashuka machafu. Kisha akaniandikia: “Vitabu hivyo tulivitoa ili visimfikie mtoto mwingine yeyote. Mimi nilifundishwa kwa hicho. Nilipigwa vidole mpaka nikatimiza miaka kumi na miwili.” Akafuta, akaandika tena: “Hawa uani hawakushindikana. Wanazungumza.”

Kwenye usaili hawasikilizi sauti, Dada. Wanatazama kama mtoto ana njia yoyote ya kusema na watu wake, halafu wanaanzia hapo hapo. Alisema mtoto anayetunga ishara zake mwenyewe huchukuliwa siku hiyo hiyo. Ndivyo alivyokuwa Chiriku wetu wa mwezi wa pili, kabla ya foronya ile.

Nafasi bado ipo, amemwekea. Shule inafunguliwa Jumatatu ya tarehe saba Julai. Ana sharti moja: mtoto aje na yule anayezungumza naye nyumbani, na mtu huyo akae naye darasani wiki ya kwanza, ili wajue ishara zake na asijione ametupwa kwa wageni. Bila hivyo, anasema, waliofungwa mikono hujifunga wenyewe moja kwa moja, ameshawaona. Mimi nilimwacha akiwa bado ananyonya kidole, mengi ametunga kwako. Na likizo nimenyimwa mpaka mwisho wa mwaka, hata kwa ajili ya wodi nimenyimwa. Nimemwandikia kwenye kibao kwamba atakuja na wewe.

Njoo naye. Lawama tutagawana tukionana, na fungu kubwa ni langu.

Mdogo wako

*

Jumatano, 2 Julai
Upepo mkali, vumbi mpaka ndani ya nyuzi. Jua kali toka mapema.

Mdogo wangu,

Barua yako ilikaa mezani siku nyingi bila jibu. Si kwa hasira. Nilikuwa na hasira, ikaisha, maana nikijiuliza ningefanya nini kama ungeniambia ukweli wa pipa, nadhani ningekisoma tu. Kilikuwa kimepigwa chapa vizuri, na kilikuwa na hatua.

Mshono umefunga. Anakula, anacheza na vifungo, analala. Hasemi “mama” tena na simwombi. Na mikono yake imenyamaza. Akiwa na mimi anaikalia, hata kama hakuna somo, hata kama hakuna kioo. Kioo nimekigeuza ukutani. Njaa ikimshika anakwenda kusimama karibu na sufuria na kungoja. Hanichukii, nadhani. Ananitazama kama mtu anavyotazama nguzo ya nyumba anayoishi.

Wiki iliyopita nilijaribu mimi. Nilipiga magoti mbele yake, nikaweka vidole viwili mdomoni, nikamnyooshea kikombe. Nilizungusha ngumi tumboni kwangu nikamwonyesha kidonda chake, kumwuliza kama bado kinauma. Aligeuza uso. Hakugeuza kwa kinyongo. Alifanya taratibu na kwa usahihi, kama nilivyomfundisha, mpaka nikasimama na kuondoka.

Jana mchana nilimkosa ndani. Komeo la uani nililing'oa siku ile tuliyotoka hospitali. Nilitokeza kichwa nikamwona kwa Mama Mkaa, amekaa juu ya gunia tupu, mgongo nusu kwangu. Alikuwa anasema. Mikono yote miwili, haraka, mpaka mabega yanacheza. Anasema, anangoja, Mama Mkaa anamjibu kwa vidole vyeusi vinene, anapinga, anasema tena. Kuna ishara nilizozijua na nyingi sikuzijua. Mpya. Ana mpya, mdogo wangu. Sijui alizitunga lini. Kisha kivuli changu kikaanguka kwenye mkaa, akakiona, na mikono yote miwili ikaenda nyuma ya mgongo.

Nilirudi ndani. Jioni nilikwenda kwa Mama Mkaa peke yangu. Nilimweleza kuhusu shule na sharti la mwalimu, na kwamba mtu huyo anayetakiwa si mimi. Aliendelea kufunga magunia bila kunitazama.

“Mimi si ndiye ninayemharibu?” akasema.

Nikamwambia nilikosea.

“Umekosea, kweli. Na mkaa wangu atauza nani?”

Nikamwambia nitauza mimi. Ndipo akainua uso, akanipima kutoka miwani mpaka viatu, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza toka mwezi wa nne. “Wewe na hivyo vidole vya sindano. Haya. Kipimo kikijaa usikitikise. Wakikuona unatikisa wanajua ni mwizi.” Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kama nitakuja kituoni kuwaaga. Nikamwambia nitaaga hapa hapa nyumbani, mtoto asije akaona mabishano yoyote kati ya kwenda na kubaki. Akasema hakutakuwa na mabishano. Alisema kwa upole na nilimwelewa.

Wanaondoka Ijumaa. Nimewashonea mfuko wa njiani, na nguo zote za Chiriku nimezikata mikono juu ya kiwiko. Nimemwomba dereva akupe barua hii mkononi kabla hawajafika, uwapokee kituoni. Mwalimu msimfiche kitu, mwambieni nani alifunga na kwa muda gani. Na siku mtoto huyo akianza kusimulia habari za nyumba hii, kwa lugha yoyote atakayokuwa amepewa, asigeuziwe uso hata na mtu mmoja. Hata kama mnanipenda.

Kitabu nimekitia jikoni leo. Hakikuwaka vizuri, jalada la gazeti lilitangulia kikabaki katikati na moshi. Nilisimama pale na kijiti mpaka kikaisha.

Dada yako

Naongeza Alhamisi asubuhi, kabla ya dereva kupita: hali ya hewa ni ile ile, upepo. Chiriku alirudi ndani jana jioni na mkaa mpaka viwiko, akapanda kitandani hivyo hivyo, kwenye shuka safi. Nilikuwa nimeshika kitambaa na beseni. Sikumgusa mikono. Nilikaa nikiitazama, nikalala saa kumi alfajiri.